Pini Kwenye Mnara wa Zimamoto

Ruiru
Jumapili, 3 Machi 2024

Kwa Shosho wangu mpendwa,

Hujambo? Goti la kushoto linaendeleaje? Sisi huku tuko salama. Baba amepona kikohozi, na Mama anasema asante sana kwa maharagwe. Nimempa Emmaculate bahasha hii kwa sababu yeye huja kwao Gatuanyaga kila baada ya wiki mbili, na kwa sababu nikikupigia simu utaniambia tena kwamba sikio lako moja lilibaki kwenye king'ora na lingine halipendi mashine.

Shosho, nina habari. Ile ofisi ya wachoraji wa majengo iliyoniajiri mwaka jana imenipa kazi yangu ya kwanza ambayo jina langu litaandikwa chini yake. Natakiwa kupima kile kituo cha zamani cha zimamoto pale Thika, kukichora chote, na kuandika historia yake. Kamati inayosimamia jengo inataka liwe maktaba ya watoto. Sehemu ya mbele itabaki. Mnara wa nyuma utabomolewa.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Gachau, anasema mnara huo ulijengwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ili askari wapande juu kuvizia Mau Mau. Anasema hatakubali watoto wasomee chini ya kitu kama hicho. Nimeenda kuutazama, na kweli una yale matundu membamba kama ya kutolea bunduki.

Guka alikuwa mzima moto hapo miaka mingi, na wewe mkewe uliishi naye nyumba za nyuma. Nimekuwekea kurasa mbili nilizoandika. Zisome, uniambie kama nimekosea mahali.

Mimi mjukuu wako niliyepewa jina lako,
Waruguru

—

Gatuanyaga
17/3/2024

Kwa Waruguru mdogo,

Mimi niko. Goti liko, linauma lakini linatembea. Kuku wanataga. Mvua haijafika, vumbi ndilo limefika. Jirani yangu Kavindu anakusalimia, na mbuzi wake amekula sukuma wiki yangu mara ya pili, nikamwambia mara ya tatu tutakula sote, mbuzi akiwa katikati ya sahani. Mwambie baba yako kikohozi kinaponywa na sweta, si na chupa.

Sasa hizo kurasa zako. Nimezisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifikiri ni miwani. Mara ya pili nikajua ni wewe. Mara ya tatu nilikuwa natafuta kitu kimoja tu ambacho ni kweli, nikapata tarehe.

Unasema milango ya magari ni mitatu na yote ina matao ya mawe ya machimbo ya Ndarugo. Uko na macho ama uko na vifungo? Matao ni mawili. Mlango wa kulia juu yake pako bapa, pana boriti ya zege. Zamani lilikuwa tao kama mengine. Mwaka wa sabini na moja likaja gari jipya lenye ngazi mgongoni, likakataa kuingia. Lililala nje wiki tatu, na kuku wangu wakalifanya nyumba. Siku walipoligonga tao nyundo, fundi mzee Mhindi aliyelijenga alikuja akasimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, kama mtu aliye mazishini. Hiyo ndiyo historia. Si hii ya kwako ya "mtindo wa kikoloni". Mtindo ni nini? Mtindo ni wa nywele.

Unasema sakafu imezama upande wa barabara kwa sababu ya uzee. Mzee ni nani? Sakafu hiyo ilimwagwa ikiwa imeinama, ili maji ya magari yashuke yenyewe mpaka mtaroni. Weka chungwa kwa ukuta wa nyuma uliachilie. Litafika barabarani kabla yako.

Sasa mnara. Kuvizia Mau Mau! Huyo Gachau ni wa akina Gachau gani, na alizaliwa lini? Yale matundu yameinama, yanaangalia chini. Ukisimama ndani ukichungulia unaona nini? Ndala za watu wanaopita. Ni askari gani anapigana na ndala? Na angesimama wapi? Juu hakuna sakafu na haijawahi kuwa. Kuna boriti, kapi na ngazi ya chuma, basi.

Ule ni mnara wa kukaushia mipira. Mipira ya maji siku hizo ilikuwa ya turubai, mirefu kama sala ya mzee wa kanisa. Ukiikunja ikiwa imelowa, inaoza. Kwa hivyo ikirudi kutoka motoni inavutwa juu kwa kapi, inaning'inia kama nyoka wamekufa, hewa inaingia kwa matundu ya chini inatokea ya juu, na siku mbili mipira imekauka. Hata Julai, wakati jua limesahau Thika na kila kitu kinanuka ukungu, ndani ya mnara palikuwa pakavu kama jikoni. Najua mimi.

Andika upya. Wewe ni mfupi kama guka yako, hiyo si makosa yako. Lakini akili fupi ni makosa yako.

Mwenye jina,
Waruguru wa Githae

—

Ruiru
7 Aprili 2024

Shosho mpendwa,

Natumaini mvua imefika sasa na mbuzi wa Kavindu bado yuko hai. Baba amevaa sweta. Anasema nikuandikie hivyo, na kwamba ni ile ya kijani.

Nilienda na chungwa. Nililiachilia kwa ukuta wa nyuma, likapita chini ya meza yangu, likavuka kizingiti, na bodaboda wakalikanyaga. Fundi wangu alicheka mpaka akakaa chini. Matao ni mawili. Matundu yameinama. Nimepanda ngazi ya chuma mpaka juu na hakuna hata alama kwamba sakafu iliwahi kuwekwa. Samahani, Shosho. Nimeandika upya.

Lakini Bwana Gachau hakubali. Nimemsomea barua yako (niliruka ile sehemu yake), akasema kwa heshima kwamba kumbukumbu ya shosho wa mtu si ushahidi, tulete karatasi. Tumetafuta karatasi. Unajua faili za kituo ziliishia wapi? Paa lilivuja, zikalowa, zikatupwa. Faili za zimamoto, Shosho, zimeuawa na maji.

Kitu kingine. Ndani ya mnara, ukutani, kuna safu ya kulabu. Kwa kulabu moja nimepata pini ya nepi, ile kubwa ya zamani. Imeshika kutu, na bado imeuma kipande cha kitambaa cheupe. Ilibidi nisimame juu ya ndoo ndiyo niifikie, kwa hivyo aliyeiweka hapo alikuwa mrefu. Mipira ya zimamoto haivai nepi. Na wewe ulijuaje kwamba ndani palikuwa pakavu wakati wa baridi? Wake za wazima moto walikuwa wanaruhusiwa kuingia mnarani?

Wako,
Waruguru

—

Gatuanyaga
26/5/2024

Kwa Waruguru mdogo,

Mimi niko. Mvua ilifika, ikazidi, ikabeba choo cha shule ya Jumapili mpaka kwa shamba la Mulei. Mulei anasema ni mali yake sasa. Kuku mmoja mweusi ameanza kulalia mayai saba. Wa pili ni mpumbavu, analalia jiwe. Kavindu alikuwa mgonjwa wa tumbo, nikampelekea uji, akasema hauna sukari. Mtu anayeumwa tumbo anataka sukari ya nini?

Kwa kanisa tulichagua wazee wapya. Sikuchaguliwa, na sikutaka.

Mahindi yamefika hapa kwa kiuno changu, na kiuno changu unakijua kiko juu.

Kuhusu pini. Pini ni chuma. Chuma kiko kila mahali.

Mwenye jina,
Waruguru wa Githae

—

Ruiru
9 Juni 2024

Shosho mpendwa,

Pole kwa Kavindu, na hongera kwa kuku mweusi. Yule wa jiwe mpe muda.

Nimengoja barua yako wiki saba, nikapata sentensi tatu za pini. Kwa hivyo nilimuuliza Baba. Anasema hajui habari ya mnara, ila anajua ile ya siku zote: kwamba Guka alinyimwa cheo cha kiongozi wa zamu kwa sababu ya ufupi wake, na kwamba ulimchekelea jambo hilo mpaka alipofariki. Halafu akasema chini ya kitanda chako kuna bati la biskuti ambalo lina karatasi zote za Guka za kazi.

Shosho, kamati inakaa tarehe 29 Agosti. Gachau ameapa kwamba akiona karatasi hata moja ya zamani inayosema mnara ulikuwa wa nini, atanyamaza. Asipoiona, Septemba wanaleta mashine ya kubomoa. Ule mnara umejengwa kwa mawe yaliyochongwa kwa mkono, kila kona. Leo hakuna fundi hapa Ruiru anayeweza kuujenga tena. Nimeuliza.

Je, kwa hilo bati kuna karatasi inayotaja mnara?

Wako,
Waruguru

—

Gatuanyaga
30/6/2024

Kwa Waruguru,

Bati la biskuti lina biskuti.

Na kama lina kitu kingine, ni cha mume wangu. Mume wangu amelala tangu 2003, hakuna kamati imewahi kuja kumpalilia kaburi, na hataamshwa leo kwa ajili ya mawe. Baba yako aambiwe kwamba chini ya kitanda cha mama yake si mahali pa kuongelea na watu.

Huku ni baridi. Nguo zangu ziko kwa kamba siku ya nne.

Vifaranga ni watano.

Waruguru wa Githae

—

Ruiru
14 Julai 2024

Shosho mpendwa,

Hata huku ni baridi, na ukungu hauondoki mpaka saa tano. Sitakuuliza tena habari ya bati. Nisamehe kama nilikukosea heshima.

Nakutumia mchoro wa mnara, nimeuchora kwa mkono ili uwe nao. Nimeuchora kama ungeupasua katikati, ndiyo maana unaona ndani: kapi juu, boriti, mipira inaning'inia, na mishale midogo ni hewa ikipanda kama ulivyonieleza. Nimeupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora.

Mkubwa wangu ofisini amesema nichague. Ama niandike mnara ulikuwa wa kuvizia, kama mwenyekiti anavyotaka, ama jina langu litolewe kwenye ripoti na mtu mwingine amalizie. Nimemwambia alitoe. Siwezi kuandika uongo wa ndala.

Nimekuambia mapema kwa sababu ni jina lako pia.

Wako,
Waruguru

—

Gatuanyaga
28/7/2024

Kwa wajina wangu Waruguru,

Jina letu halitolewi mahali popote na mtu wa ofisi. Keti chini usome. Kama kuna mtu karibu, mwambie aende akatafute kazi.

Baba yako alizaliwa Machi 1973. Alikuwa mtoto wa kukojoa. Watoto wote wanakojoa, lakini Mburu alikuwa kama amepewa kazi hiyo na serikali. Ikafika Julai. Siku sita hakuna jua. Nepi nilikuwa nazo kumi na mbili, zote zimelowa, za kwa kamba zimeanza kumea kijani. Chumba chetu kilikuwa kimoja, na mtoto alikuwa anakohoa. Na mimi kila siku naona mipira ya serikali imening'inia ndani ya mnara, mikavu, inastarehe, na mtoto wangu amefungwa gunia la unga.

Kwa hivyo asubuhi nikaingia. Wake tulikuwa tumekatazwa, ndiyo. Nikapanda ngazi ya chuma, mimi na urefu wangu, nikazibana nepi kwa pini, moja moja, juu ya mpira wenyewe, kuanzia juu mpaka chini. Kumi na moja. Ya kumi na mbili mtoto alikuwa ameivaa. Pini iliyobaki niliitundika kwa kulabu ukutani na kitambaa changu cha kushikia. Ndiyo hiyo uliyoiona.

Saa nane kengele ikalia. Stoo ya mkonge inawaka. Mipira mingine ilikuwa bado iko nje kwa moto wa jana, kwa hivyo wakaachilia kapi, ule mpira wangu ukaanguka, wakaukunja mbiombio na kila kitu kilichokuwa juu yake, wakaenda. Mimi nimesimama kwa mlango na mtoto mgongoni, nimeshika mdomo.

Kule wakaukunjua mbele ya watu wote wa soko. Nepi moja, nepi mbili, nepi tatu. Maji yakafunguliwa. Sasa, pini imetoboa turubai, unaelewa? Mpira ukaanza kutoa maji kila mahali, vijimkojo kumi na moja, kushoto na kulia. Watu walicheka mpaka wakasahau kuna moto. Moto wenyewe ulizimwa na gari la pili, hakuna aliyeumia, magunia machache tu yaliungua. Lakini mkubwa wa kituo, Bwana Mitchell, Mzungu wa mwisho kubaki pale, alilowa kutoka kofia mpaka soksi.

Githae alirudi jioni na ndoo. Ndani yake nepi zote kumi na moja, zimefuliwa, zimekunjwa. Akaniambia, "Nepi zimekauka." Basi. Nikamuuliza wamejua ni za nani? Akasema, "Nimewaambia ni matambara ya kufutia gari." Nikashukuru Mungu, nikasahau.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Mimi wakati huo sikujua A wala B. Nikamwambia nisomee. Aliishika muda mrefu. Akasema, "Mitchell anasema mimi ni mfupi. Cheo cha kiongozi wa zamu amepewa mwingine." Nikakasirika sana. Na tangu siku hiyo, Waruguru, miaka thelathini, kukikosekana nyama nilimwambia ungekuwa mrefu kidogo tungekula. Tukipita mbele ya mtu mrefu nilimwambia tazama kiongozi wa zamu anapita. Alikuwa anacheka tu. Nilifikiri anacheka kwa sababu ni mpole.

Alipofariki nilienda ngumbaru, darasa la watu wazima, miaka miwili, wanafunzi kumi na wanne, sote tukichekwa na wajukuu. Siku mwalimu Maggie aliponiambia sasa unaweza kusoma chochote, nilikuja nyumbani nikafungua bati. Barua ya kwanza niliyosoma maishani mwangu, mwenyewe, kwa kidole, ndiyo hiyo hapa ndani ya bahasha. Mitchell aliiandika kwa kile Kiswahili chao. Hata mimi wa ngumbaru singeandika hivyo. Lakini nilielewa kila neno.

Sijamwonyesha mtu. Baba yako hajui. Wewe ni wa kwanza.

Ina muhuri, ina tarehe, na inasema mnara ni wa nini. Mpelekee Gachau. Asiikunje.

Mchoro wako nimeutundika karibu na kalenda ya kanisa. Kavindu ameuliza hao nyoka ni wa nini.

Mwenye jina,
Waruguru wa Githae

Nimeinakili pia hapa chini kwa mkono wangu, hiyo ya kweli isipotee:

"3 Agosti 1973. Wewe Githae. Tarehe 17 moto nawaka kwa stoo. Mpira ya maji natoka kwa mnara na nepi kumi na moja. Mpira naharibika kabisa. Mnara ya kituo ni ya kukausha mpira tu, hapana kukausha nguo ya mtoto. Mimi nauliza nani nafanya hii. Wewe nasema ni wewe. Mimi hapana amini. Pini moja nabaki kwa kulabu ya ukuta, juu. Wewe ni mfupi, mkono yako hapana fika ile kulabu. Lakini wewe nasema ni wewe, mara tatu. Kwa hivyo wewe hapana pata cheo ya kiongozi ya zamu. Mitchell."

—

Ruiru
1 Septemba 2024

Shosho wangu,

Nilikaa na barua yako siku mbili. Halafu niliona ni haki Baba aisome. Aliisoma amesimama. Akaenda nje kuangalia gari, ambalo halikuwa na shida yoyote, akakaa huko saa nzima. Aliporudi alisema, "Nitakupeleka Thika mwenyewe siku ya kamati."

Bwana Gachau alivaa miwani, akapapasa muhuri, akaigeuza karatasi mbele na nyuma. Kisha akasema ataisoma kwa sauti ili wote wasikie. Alianza kama anasoma tangazo la mazishi. Alipofika "nepi kumi na moja" akasimama. Akaanza tena. Akasimama tena. Wajumbe wakawa wanamtazama. Alijaribu mara ya tatu na sauti ikamtoka nyembamba kama ya filimbi, akaivua miwani, akalala juu ya meza akicheka, na chumba kizima kikaanguka naye.

Alipopata pumzi akauliza, "Na huyo mtoto aliyesababisha haya yote, aliishia wapi?"

Baba alikuwa nyuma karibu na mlango. Akainua mkono. "Ni mimi," akasema. "Nimeacha."

Lakini waliposoma mpaka mwisho, pale "mara tatu", hakuna aliyecheka. Gachau aliisoma sentensi hiyo tena polepole, akailaza vizuri juu ya meza. Hakuikunja, Shosho. Kisha akaniambia mbele ya wote, "Nilikosea. Mwambie shosho wako hivyo, kwa maneno hayo."

Mnara unabaki. Watauwekea dirisha la paa juu na mabenchi chini, watoto wakae humo wasome. Jina letu limerudi kwenye ripoti, ukurasa wa kwanza.

Wanaomba kitu kimoja. Wangetaka barua ya Mitchell iwekwe kwenye fremu ya kioo, mlangoni mwa mnara, kila mtu aione. Nimewaambia si yangu kutoa. Ukisema hapana, Emmaculate ataileta Jumapili na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Wako,
Waruguru

—

Gatuanyaga
15/9/2024

Kwa wajina wangu,

Mimi niko. Goti limepumzika, nafikiri limesikia habari. Vifaranga ni wanne, mmoja alichukuliwa na mwewe, na yule kuku mpumbavu ameacha jiwe sasa analalia kiatu. Baba yako alikuja Jumamosi peke yake, bila simu, bila sababu. Alipalilia kaburi, akanywa chai vikombe vitatu, akaniambia, "Mama, kumbe mimi ndiye nilimnyima Baba cheo." Nikamwambia nyamaza, wewe ulikuwa unakojoa tu, mwenye pini ni mimi. Tulicheka mpaka Kavindu akaja kuuliza ni nani amekufa.

Mwambie Gachau nimesikia. Mtu anayesema nimekosea mbele ya watu si mbaya sana. Hata kama ni Gachau.

Fremu ikae. Watu waone. Lakini barua haikai peke yake. Barua ikija kwa mtu inajibiwa, na hii haijajibiwa miaka hamsini na moja, kwa sababu aliyeipokea hakutaka na aliyepaswa hakujua. Nimeijibu sasa. Nimeandika mara nne, hii ndiyo safi. Waiweke ndani ya kioo hicho hicho, upande wa kulia, na usirekebishe neno hata moja na kalamu yako ya shule.

Siku ya kufungua nitakuja. Na nitapanda ile ngazi ya chuma, goti lipende lisipende.

Mwenye jina,
Waruguru wa Githae

—

Gatuanyaga
15/9/2024

Kwa Bwana Mitchell,

Barua yako imefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa sijui kuandika.

Ulikuwa na haki kutoamini. Mfupi hakufika ile kulabu. Ni mimi.

Cheo kilikuwa chake.

Na nepi zilikauka.

Waruguru wa Githae